Shuka za Mwalimu Pasi

Alhamisi asubuhi wingu moja la rangi ya masizi lilikuja likasimama juu ya nyua za nyuma, likakataa kuondoka. Mwalimu Pasi alilitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliochelewa, akingoja lione haya lenyewe. Chini ya wingu hilo, kwenye kamba zake zote za kuanikia na nyingine aliyoifunga kutoka mpera hadi bomba la maji, zilining'inia shuka zote nyeupe za nyumba ile. Zilikuwa zimetoka kwenye karai la wanga, zikidondosha matone mazito kama uji. Ikinyesha, wanga wote utachuruzika mchangani. Na kesho, Ijumaa, ukumbi ulikuwa upambwe, kwa kuwa keshokutwa binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa.

"Wifi," alisema dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akikata trei za mayai kwa mkasi, "hilo wingu ukizidi kulikazia macho hivyo litalia."

"Ndicho ninachokiogopa."

"Basi njoo ukate maua, macho yako yapate kazi."

Mwanamke huyu mtaa mzima ulimwita Wifi, hata wanaume wasio na udugu naye, na ulimi wake haukuwahi kulala njaa. Kila kikombe cha trei alikikata petali tano, akakitumbukiza kwenye rangi nyeupe iliyosalia tangu nyumba ilipopakwa, kisha akakianika kwenye kijiti. Kikikauka kingetiwa kifungo katikati, kutoka kwenye kopo la vifungo ambalo Mwalimu Pasi alikuwa akilijaza tangu ujana wake. Jikoni chupa za jemu zilichemshwa zibanduke karatasi, ziwe za kuwekea mishumaa. Chandarua cha zamani kilikwisha fuliwa na kukatwa utepe. Majani ya kijani yangechumwa kwenye ua asubuhi ya harusi yenyewe, yasinyauke. Chakula na ukumbi vilikuwa vimekula akiba yote. Kilichobaki kingetosha mishumaa na pini. Lakini hilo halikuwa sababu pekee ya kukata trei za mayai.

Mwalimu Pasi alifundisha sayansi kimu katika shule ya wasichana mpaka alipostaafu. Ilisemekana kwamba msichana aliyepita mikononi mwake angeweza kunyoosha sketi hata marinda yake yakahesabika kutoka ng'ambo ya barabara. Jina la Pasi alipewa na wanafunzi, wakidhani halijui. Alilijua, na moyoni alilipenda. Watoto wake walitoka nyumbani na kola ambazo ungeweza kuzikatia mkate, na hata alipobaki mjane, Kitinda, huyu binti wa mwisho, akiwa bado shule ya msingi, hakuna kola iliyolegea.

Kilicholegea siku zile kilikuwa kitu kingine. Mumewe alipofariki, yeye mwenyewe hakujiweza kwa majonzi, na watu wa nyumbani wakaenda kuazima turubai kwa jirani wa nyumba ya tatu. Turubai lenyewe lilikuwa na tundu. Lilirudishwa limefuliwa na tundu limeshonwa. Lakini miaka yote iliyofuata, kila ilipotajwa familia ile, jirani yule aliweka mkono kifuani: "Wale? Maskini, hata maziko yao tuliwasitiri sisi." Alilisema dukani, alilisema kwenye kikao cha wazazi, alilisema mbele ya watoto. Watu wakamwita Mama Turubai, naye akalivaa jina lile kama nishani. Tangu hapo Mwalimu Pasi hakuazima hata kiberiti. Chumvi ikiisha, walikula bila chumvi.

Sasa bwana harusi wa Kitinda alikuwa kijana mpole aliyelelewa na shangazi yake, na shangazi huyo, kwa bahati ambayo Mwalimu Pasi hakujua aiite njema au mbaya, alikuwa mpambaji wa maharusi. Alikuwa na gari la kubebea mizigo, na nyuma yake marobota ya kitambaa cha kung'aa cha kila rangi. Alifunika viti kwa satini, meza kwa satini, nguzo kwa satini; watu walisema ukisimama kwake kwa muda nawe utafunikwa. Walimwita Bi Satini. Siku familia mbili zilipokutana sebuleni kwa Mwalimu Pasi, alimaliza chai yake, akajipangusa mdomo, akasema:

"Mapambo niachieni mimi. Huyu ni mwanangu. Ni zawadi, wala msinishukuru."

Sebule ilichangamka. Kitinda alimgeukia mama yake kwa macho yaliyosema tafadhali, na Mwalimu Pasi aliiona ile tafadhali vizuri kabisa. Lakini alisikia pia, kama redio ya nyumba ya jirani, sauti iliyokuwa bado haijasemwa: Hata harusi yao tuliwapambia sisi.

"Ahsante sana, mkwe mwenzangu," alisema. "Lakini nyumba hii imezoea kujitandikia yenyewe."

Tabasamu la Bi Satini halikuanguka. Lilibaki palepale, likapoa.

"Haya," alisema. "Tutakuja kuona."

Tutakuja kuona. Maneno hayo mawili yalikwenda naye sokoni, yakarudi naye. Yalizidi alipokwenda kuukagua ukumbi wa chama cha ushirika. Sakafu ilikuwa safi, madirisha mazima, ila ukuta wa mbele, nyuma hasa ya mahali watakapoketi maharusi, ulikuwa na doa la maji kubwa kuliko mlango, la rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

"Tunalipaka rangi kila mwaka," alisema mtunza ukumbi bila wasiwasi wowote. "Linarudi. Hili, mama, ni mwenyeji. Sisi ndio wageni."

"Lina umbo la ng'ombe aliyelala," alisema Wifi, ameinamisha kichwa upande. "Tazama, sikio lile pale."

Kuanzia hapo Mwalimu Pasi hakuweza tena kuona doa. Aliona ng'ombe, na mbele ya ng'ombe aliona binti yake kakaa na shela. Shuka zilikuwa za kumfunika ng'ombe huyo.

Kitinda, aliyefanya kazi duka la dawa na aliyezoea kuzungumza na wagonjwa kwa upole, alijaribu kusema naye. Alikuja uani siku ile ya Alhamisi na simu mkononi, akamwonyesha picha ya ukuta uliopambwa, vitambaa vikianguka laini kutoka juu.

"Mama, za ukutani haziwekwi wanga. Zinatakiwa zilegee. Zimwagike kama maji."

"Kilicholegea kimelegea tu, hata ukutani. Hakijatoka kitambaa nyumbani kwangu kimelegea tangu nizaliwe."

"Tangu uzaliwe ulikuwa na nyumba, mama?"

Wifi alicheka mpaka ua likamponyoka likaingia kwenye rangi. Mwalimu Pasi hakucheka. Alizianua shuka moja moja, akazirudisha karaini, akaongeza wanga. Mtu mwenye hofu huzidisha kile anachokijua.

Wingu lilidondosha matone machache, yaliyotosha kumpandisha presha, kisha likaenda kunyeshea watu wengine. Mchana kutwa walipiga pasi. Shuka zilipokunjwa zilikaa moja juu ya nyingine kama mbao za seremala, na Mwalimu Pasi alipopitisha kiganja juu ya ile ya mwisho, kwa dakika chache moyo wake ulitulia.

Ijumaa, ukumbini, ulikurupuka tena.

Walikuwa watatu tu, yeye, Wifi na Kitinda. Mtunza ukumbi aliwaletea ngazi fupi ya mbao iliyopungukiwa vidato, akawaambia waikanyage pembeni, si katikati, akaondoka. Walifunga kamba ya katani kutoka msumari hadi msumari mahali ilipofikia mikono yao, wakazitundika shuka, wakarudi nyuma kutazama.

Shuka hazikumwagika. Zilisimama. Alama za mikunjo zilizigawa miraba miraba kama karatasi ya hesabu, na ncha za chini zilijitenga na ukuta, zikatoka mbele, kama mtu aliyesukuma tumbo. Mlango ulipofunguliwa na upepo, zilipiga kelele za mabati. Na kwa kuwa kamba ilikuwa chini mno, sikio la ng'ombe lilichungulia juu yake.



"Wifi," alisema Wifi kwa sauti ya heshima, "hapa tumefungua wodi ya wazazi. Na harusi bado."

Siku nyingine Kitinda angecheka. Sasa alikwenda akaketi kwenye ngazi za jukwaa, akajivutia mapajani shuka moja iliyozidi, akainamisha kichwa. Hakulia. Mama yake angependelea alie, kwa sababu mtoto anayelia unajua umwambie nini.

Mwalimu Pasi alisimama katikati ya ukumbi na kopo la pini mkononi. Alifikiria bomba lililokuwa nje: wazisuuze zote upya, watoe wanga. Akatazama dirishani. Jua lilikwisha anza kushuka, na mawingu mengine yalikuwa yakijipanga. Shuka mbichi ukutani zitaamsha doa, si kulificha. Alifikiria wageni wakiingia. Alimwona Mama Turubai akiweka mkono kifuani.

Nje, gari liliguruma, likazimika.

Bi Satini aliingia akipepea kanga begani. "Nimepita tu kuona meza ya keki itakaa wapi," alisema, kisha akaona ukuta.

Alitembea taratibu hadi mbele. Aliishika shuka ya kwanza kwa vidole viwili, akaifikicha, akaisikiliza.

"Nani kaitia wanga hii?"

"Mimi."

"Na pasi?"

"Mimi."

"Hm," alisema Bi Satini.

Mwalimu Pasi aliwahi kukaguliwa na wakaguzi wa wizara, wakaja wameshika kalamu nyekundu, na hakuna hata mmoja aliyemtia joto kama hiyo hm. Kisha Bi Satini alimsogelea, akashusha sauti ili wengine wasisikie, ingawa ukumbi mtupu hauna siri na wote walisikia.

"Mkwe mwenzangu. Garini nina satini nyeupe, robota zima. Sitamwambia mtu. Wewe itikia tu, na kabla maji ya chai hayajachemka ukuta huu umekwisha."

Angekuwa anadhihaki, Mwalimu Pasi angejua la kujibu. Alikuwa nalo tayari tangu siku ya kikao. Lakini mwanamke yule hakuwa anadhihaki. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeona mtoto wa mwenzake akiungua na ana maji mkononi. Hilo lilikuwa gumu zaidi. Akiitikia, harusi ya binti yake itakuwa nzuri, na jina la nyumba litaishi kwa hisani ya mdomo wa mtu mwingine, leo, kesho, na kila watakapokosana. Akikataa, Kitinda ataketi mbele ya wodi.

Alimgeukia Kitinda amwone usoni, ajue la kufanya.

Kitinda hakuwa akiwatazama. Alikuwa na pindo la ile shuka mapajani na vidole vyake vilikuwa vikilikunja: pinda, geuza, pinda, geuza, wembamba wa kidole kimoja. Mwalimu Pasi aliijua tabia hiyo. Asubuhi za mitihani mtoto huyu alikuwa akiketi kwenye kiti cha jikoni akikunja pindo la sketi hivyohivyo, na mama yake akimkaripia kwamba anaharibu pasi. Sasa Kitinda alifika mwisho, akauachia mkunjo.

Haukufunguka. Ulisimama mapajani mwake wote, mwembamba, umetanuka juu kama upepeo.

Mwalimu Pasi alivuka ukumbi.

"Nipe hiyo."

"Sifanyi kitu, mama, naishika tu."

"Nipe, mwanangu. Hayo ni marinda."

Aliitandaza shuka juu ya benchi, akaanza upande mmoja, akitumia ukingo wa ubao kama rula na kucha ya dole gumba kama pasi. Kitambaa kilichokataa kuanguka hakikukataa kukunjwa. Kilikunjika pale alipotaka, kikakaa pale alipokiacha, kwa sababu kilikuwa kimejaa wanga maradufu ya kiasi kinachofaa. Alipofika mwisho alikifunga katikati kwa utepe wa chandarua, akakishika juu, akakiachia pande zote mbili. Nusu duara kubwa jeupe lilifunguka mkononi mwake. Wifi alichukua shuka nyingine bila kuambiwa. Nusu mbili zikiungana zingekuwa gurudumu zima, na katikati ya gurudumu, ua la trei ya mayai lenye kifungo.

"Toba," alisema Wifi. "Wodi imepona."

"Lakini yapande mpaka juu," alisema Kitinda. Alikuwa amesimama. "Yamfunike ng'ombe mzima. Tutafikaje?"

Waliitazama ngazi ya mtunza ukumbi. Kisha, mmoja baada ya mwingine, waliutazama mlango uliokuwa wazi, na nje ya mlango gari, na juu ya gari, imefungwa kwa mpira, ngazi ndefu ya bati iling'aa juani. Kila mtu aliiona. Hakuna aliyeitaja. Bi Satini alikuwa akijitazama kucha.

Mwalimu Pasi alihisi ulimi wake nao umetiwa wanga.

"Mkwe mwenzangu," alisema. "Niazime ngazi yako."

Wifi alijiziba mdomo kwa mkono wenye rangi. Tangu wamzike marehemu hakuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwa wifi yake.

Bi Satini hakuharakisha. "Ngazi yangu haiazimwi peke yake," alisema. "Huenda na mwenyewe." Akaanza kuvua viatu. "Na satini?"

"Satini ibaki garini."

"Nilijua," alisema Bi Satini, akatoka kwenda kuifungua ngazi.

Kazi ilikwenda, ila haikwenda kimya. Mpambaji akiwa juu na pini mdomoni, na mwalimu akiwa chini ameshika ngazi kwa mikono miwili, walibishana kila gurudumu.

"Lisogeze kushoto," alisema Mwalimu Pasi.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kushoto ni kushoto."

"Chini huko labda. Ukipanda ngazi utakuwa na kushoto kwako. Mpaka hapo tumia kwangu."

Wifi, aliyekuwa akifunga utepe, hakuweza kujizuia. "Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Nguo si ya kuazima," alisema Mwalimu Pasi bila kugeuka. "Nguo ni yangu. Ya kuazima ni ngazi."

"Basi matako yako salama."

Hapo Kitinda alicheka. Alicheka ameketi sakafuni katikati ya marinda, akafuta macho kwa mkono wa gauni, na mama yake akaishika ngazi kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Walipomaliza, ukuta ulikuwa umejaa magurudumu meupe, makubwa na madogo, yakipandiana hadi darini. Ng'ombe hakuonekana hata ukwato. Bi Satini alishuka, akarudi nyuma, akatazama kwa jicho la kazi. Mwalimu Pasi alingoja sifa. Badala yake alipata hofu mpya.

"Wanga haupendi pumzi za watu," alisema Bi Satini. "Ukumbi ukijaa, kukawa na joto na mvuke wa vyakula, haya ya juu yanaweza kuanza kulegea. Nimeyabana. Lakini siapi."

Kwa hiyo Jumamosi, ndoa ilipokwisha fungwa na watu wakaja ukumbini, na wageni wa kwanza waliposimama mlangoni wakasema "Aaa!" ile ndefu, na mishumaa ikawaka ndani ya chupa za jemu kana kwamba haikuwahi kuwamo jemu, mama wa bibi harusi hakuona chochote kati ya hayo. Aliketi kwenye meza ya wazazi, mgongo wima, akilitazama gurudumu la juu, lile lililokuwa juu ya kichwa cha bwana harusi. Watu wakamsifu, akaitikia. Wakaleta chakula, akaona mvuke.

"Kula," alisema Bi Satini, aliyeketi ubavuni pake na kilemba cha satini ya bluu kikubwa kama sinia.

"Linacheza."

"Hakuna linalocheza. Kula, mwalimu."

Mama Turubai alikuwa amealikwa. Kutomwalika jirani ni habari, na Mwalimu Pasi hakutaka habari. Aliketi meza ya tatu, na mara chakula kilipotulia alipaza sauti, ile sauti yake ya dukani, ikapita juu ya meza zote.

"Jamani, mmependeza! Vitu hivi mmekodi wapi? Au mkwe ndiye amewasitiri?"

Vijiko vilisimama. Watu walimjua mpambaji, na wote waligeuka kumtazama. Bi Satini alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akachukua glasi yake ya soda, akanywa taratibu, mpaka chini. Ulikuwa mlango, na alikuwa amemwachia mwenzake wazi.

Mwalimu Pasi angeweza kusema ni vyetu vyote. Ingekuwa karibu na ukweli. Aliona Kitinda akimtazama kutoka jukwaani. Aliliona lile turubai, tundu lake lililoshonwa vizuri kwa mkono wake mwenyewe, akikaa eda. Akaona kwamba lililomuuma miaka yote halikuwa kuazima. Lilikuwa kusemewa.

"Shuka ni zetu, jirani," alisema, kwa sauti iliyozoea kufika viti vya nyuma vya darasa. "Ngazi niliazima kwa mkwe mwenzangu huyu, na juu alipanda yeye."

Mama Turubai alingoja, kama mtu anayengoja chenji.

"Ngazi tu?"

"Ngazi tu. Na haikuwa na tundu."

Wifi alipaliwa na soda, ikabidi apigwe mgongoni. Meza ya tatu iliinama kwenye sahani zake. Mwalimu Pasi alihisi mabega yake yakishuka, akatia tonge la kwanza mdomoni, akainua macho, na tonge likamkwama.

Gurudumu lilikuwa linafunguka.

Rinda moja lilijiachia, taratibu, kama mtu anayepiga miayo. Halafu la pili. Juu ya bega la bwana harusi, wazi kabisa kwa aliyejua, lilitokeza sikio la ng'ombe. Na mpiga picha alikuwa amekwisha simama katikati ya ukumbi na kamera yake, akipunga mkono: familia ije, familia zote mbili, picha ya pamoja.

"Mkwe," alinong'ona Mwalimu Pasi.

"Nimeliona."

Bi Satini alisimama. Alipiga kigelegele kimoja kilichowashtua hata wapishi, akaanza kucheza, mikono juu, akaukata ukumbi kwa madaha hadi jukwaani, watu wakampigia makofi, akazunguka nyuma ya viti vya maharusi, na pale hasa, mbele ya sikio, akasimama. Kilemba kilifunika sikio. Juu ya jukwaa alibaki akitabasamu, hatikisiki, kama aliyepigiliwa.

Lakini rinda la tatu nalo likajiachia, likatokea bega la ng'ombe.

Mwalimu Pasi hakuwahi kucheza mbele ya watu, na hakuanza siku hiyo. Alinyanyuka, akanyoosha gauni, akatembea moja kwa moja kama anayekwenda kusimamia mtihani, akapanda jukwaa, akajipanga ubavuni pa Bi Satini.

"Songa," alisema bila kufungua meno.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwangu. Nimepanda sasa."

Walisongeleana bega kwa bega, wakabanana, mpiga picha akasema wachangamke. Marinda yaliyobaki yalishikilia. Au hayakushikilia, hakuna aliyejua, maana wanawake wale wawili hawakuondoka pale hadi mgeni wa mwisho alipotoka. Hotuba zote walizisikiliza wamesimama.

Picha hiyo Kitinda ameitundika sebuleni kwake. Wageni wakiiona husema, tazama wakwe walivyopendana tangu siku ya kwanza, hata sindano haipiti kati yao. Kitinda huitikia ndiyo, huenda kuleta chai. Ukitazama kwa makini utaona kwamba mmoja anacheka na mwingine ana uso wa mtu anayelinda mlango.

Jumatatu Bi Satini alikuja kuchukua ngazi yake, iliyobaki ukumbini ya kushushia mapambo, kisha ikaja kwa Mwalimu Pasi juu ya mkokoteni pamoja na shuka. Shuka zilikuwa kwenye kamba, zimesuuzwa kwa maji matupu, zikipeperuka laini. Ngazi aliikuta imeegemezwa kwenye mpera, inang'aa, inadondosha maji.

Aliisogelea, akainusa.

"Sabuni? Mwalimu! Umeifua ngazi?"

"Cha mtu hurudi safi," alisema Mwalimu Pasi.

Bi Satini alipitisha kidole kwenye kidato cha kwanza, akakitazama kidole, hakina hata vumbi.

"Bahati yake," alisema. "Hukuitia wanga."